Kipaza Sauti Juu ya Kaburi la Celestini

Jumamosi hiyo ilianza kama nyingine yoyote pale Murukulazo. Maharage yalikuwa yameanikwa uani, na mwalimu Domisiana alikuwa akiunganisha kipaza sauti cha kwaya na kinasa sauti chake cha bei rahisi. Waya mnene wa kipaza haukuingia kwenye kitundu chembamba cha kinasa. Ulipitia kwanza kwenye kiboksi cha betri, ambacho ndicho hukipa kipaza nguvu ya kusikia. Akabonyeza swichi. Taa nyekundu haikuwaka. Akadhani imeungua.

Kesho yake kitongoji kingeamua kama mama yake, Selestina, afukuzwe. Walisema amemfuga marehemu mumewe, Celestini, kaburini kwake mgombani, na kwamba kila adhuhuri humtuma kuita watu kwa majina. Watatu walioitika waliugua. Domisiana alitaka kuwasikilizisha kimya cha kaburi la baba yake, basi.

"Shikamoo, mzee Pancras."

"Marahaba, mwalimu." Mwenyekiti wa kitongoji aliegemea mgomba. "Unamrekodi nani? Siafu?"

"Wewe shuhudia tu."

Akasimika kipaza juu ya kaburi, akavaa hedifoni. Hakusikia majani. Hakusikia kuku. Kimya kikavu, kama kisima kilichofunikwa.

Saa sita ikafika.

Mtu akakohoa masikioni mwake. Mara mbili. Hivyo ndivyo baba yake alivyokohoa kabla ya kusema neno.

"Domi."

Pancras alikuwa akichokonoa meno.

Kila mtoto wa pale anajua: ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Akakumbuka furushi la mama yake, limefungwa mlangoni tangu alfajiri.

"Nipo, baba," akasema kwa sauti. "Na mama haondoki. Kama una neno, liseme humu."

Pancras alirudi nyuma. "Unaongea na nani?"

Jumapili, baada ya misa, Domisiana alisimama katikati ya watu, akawasha kinasa.

"Zima hicho kidude," Pancras alinong'ona.

Hakuzima. Kikohozi kikatoka, mara mbili. Kisha: "Mwacheni mke wangu. Sijatumwa na mtu."

Sauti ya Domisiana mwenyewe haikuwemo. Kura ilipoitwa, hakuna mkono ulioinuka kutaka Selestina afukuzwe. Jioni Selestina alilifungua furushi lake.

Thobias, kiongozi wa kwaya, alipopokea kiboksi alicheka. "Ulikitumiaje? Betri nilizitoa Jumatano. Bila hizo, kipaza hiki ni chuma tu."

Akakifungua. Kilikuwa kitupu.

Watu wanamsihi Domisiana aifute rekodi ile. Amekataa. Kinasa kiko juu ya kabati la mama yake, hakijaunganishwa na kitu, na kila adhuhuri rekodi hurefuka kwa dakika moja. Wiki iliyopita, baada ya vikohozi viwili, lilitajwa jina: Pancras.

Domisiana alikimbia kwenda kumwonya asiitike. Alimkuta amejifunika blanketi juani.

"Nimeshaitika, mwalimu," akanong'ona.

Tangu siku hiyo, kwenye rekodi kuna kikohozi cha tatu, na si cha baba yake.