Injini ya Mwaka Mwingine

Corolla ya Emiliana ilizimika mbele ya Soko la Majengo, Dodoma, saa nne asubuhi, siti ya nyuma imejaa majoho ya mahafali aliyoyashona kwa wiki sita. Nyuma yake honi zililia. Akafungua boneti, moshi ukampiga usoni, akabaki amesimama na gauni lake la kitenge cha njano asijue ashike wapi.

Kijana mrefu aliyekuwa akichagua nyanya aliziacha akasogea. Aliitwa Bartolomayo, mzaliwa wa Busi kule Kondoa, fundi mwenye gereji yake Ipagala. Alichomoa kijiti cha oili, akatikisa kichwa.

"Pole, dada. Maji yameingia kwenye oili. Injini imekufa."

"Gari la marehemu baba hili. Siliuzi."

"Nani kasema uuze? Tunalitia injini ya gari jipya zaidi."

"Gari la mwaka tisini na saba, injini ya elfu mbili na tano? Zitaelewana kweli?"

"Zenyewe haziwezi. Zinapatanishwa."

Emiliana alijikuta anacheka.

Kazi ilichukua mwezi. Vishikizi vya injini havikuoana na bodi, Barto akachomelea vingine. Nyaya zikakataa, akazifunga upya mmoja mmoja. Emiliana alipita kila jioni akitoka kwenye cherehani yake, mwanzoni kukagua, baadaye na chupa ya chai ya maziwa. Injini ilipowaka, Barto alimpigia, akaiweka simu karibu na boneti.

"Unasikia, Emi?"

"Nasikia. Inanguruma kama wewe ukiwa na njaa."

"Basi njoo uichukue, mpenzi."

"Umeniitaje?"

"Nimesema njoo uichukue."

"Hapana. Rudia lile la mwisho."

Akalirudia, taratibu.

Wiki iliyofuata Emiliana alikuwa anapeleka majoho mengine kwenye mahafali ya chuo kimoja Kondoa. Alipofika Chemba, askari wa barabarani akamsimamisha, akafungua boneti, akalinganisha namba ya injini na ile ya kwenye kadi ya gari.

"Dada, hii injini siyo ya gari hili. Karatasi zake ziko wapi?"

Hakuwa nazo. Gari likazuiliwa kituoni. Akapiga simu.

"Barto, gari limezuiliwa kituoni Chemba. Umeniwekea injini ya wizi?"

"Siyo ya wizi, Emi. Karatasi zote ninazo hapa, kwenye droo."

"Kwenye droo? Wiki nzima?"

Emiliana akakata simu, akaizuia namba yake. Aliomba lifti na mizigo yake, akafika Kondoa hotuba zimeshaanza. Wahitimu walivalia majoho nyuma ya darasa, wengine wakifunga vifungo huku majina yao yanaitwa. Alijificha chooni akalia.

Kesho yake, alipowahi kituoni Chemba, alimkuta Barto ameshafika kwa basi la kwanza, amevaa shati jeupe, bahasha mkononi. Askari alikagua risiti na hati za forodha, akaridhika.

"Gari chukueni. Ila mkabadilishe kadi leo hii, namba mpya isomeke."

Nje, Emiliana hakumtazama.

"Niambie ukweli. Kwa nini hukunipa?"

"Niliogopa," Barto alisema. "Niliona ukishachukua karatasi, kazi imeisha, hutapita tena gereji. Nikawa nasema kesho, kesho. Nimekuaibisha kwa uoga wangu. Nisamehe."

"Ungeniuliza tu, Barto. Ningekuja hata gari likiwa zima."

Walirudi Dodoma wakiongea kidogo kidogo. Walipofika Haneti, Emiliana alikuwa ameshamfungulia namba yake.

Kwenye ofisi ya mapato foleni ilikuwa ndefu. Walikaa bega kwa bega, tiketi namba themanini na mbili mkononi mwa Barto.

"Emi, nikimtuma mshenga nyumbani kwenu, atapokelewa?"

"Themanini na mbili," spika ikaita. "Dirisha la tatu."

Barto akataka kuinuka. Emiliana akamshika mkono, akamketisha.

"Waache waite. Wewe umeniuliza kwanza," alisema. "Mtume Jumapili, baada ya misa. Mama atakuwa nyumbani."