Usaili wa Mara ya Pili

"Mimi mpenzi wangu hata umbadilishie sauti iwe ya bata, nitamjua," nilimwambia Riyaad. "Akivuta pumzi tu, inatosha."

"Usijisifu mbele ya mashine, ndugu yangu," Riyaad akanijibu. "Mashine haina mpenzi."

Tulikuwa kwenye kile chumba kidogo cha vioo pale ofisini, mtaa wa Woodstock, tunaijaribu mashine ya kubadili sauti. Aliyeileta ni Hanlie, bosi wetu. Kampuni yetu inatengeneza programu ya simu kwa ajili ya vyama vya kufa na kuzikana, na wanachama karibu wote ni akina mama wa Langa, Gugulethu na kule kwetu Eastern Cape. Lakini ingia chumba cha waandika programu: wanaume watupu, wengi wao Wazungu, Riyaad kwenye kona, na mimi katikati kama nzi kwenye maziwa.

Basi ubishi ulikuwa hauishi pale jikoni kwenye birika. Huyu anasema tuajiri wanawake, tuajiri Weusi. Yule anasema tuajiri anayejua kazi. Utadhani hivyo vitu haviwezi kukaa ndani ya mtu mmoja.

Hanlie akachoka. Akaamua nafasi mpya isailiwe gizani. Jina limefichwa, sura imefichwa, sauti inapitishwa kwenye mashine mpaka kila mtu anasikika kama amemeza kopo. Kila mwombaji akapewa rangi badala ya jina. Wasaili tukawa watatu: Hanlie, Riyaad na mimi. Akaweka na sharti moja: msaili yeyote akiwa na shaka, mwombaji arudie usaili uso kwa uso.

Sasa, Odwa, huyo mpenzi wangu, naye anaandika programu. Wakati huo alikuwa kwenye benki moja mjini, anachoka na benki. Wiki za nyuma alikuwa amenigusia.

"Nataka kuomba ile kazi yenu."

"Usiombe, MamBhele."

Hilo ni jina la ukoo wake. Nikitaka kitu, ndilo ninalolitumia. Yeye akifurahi huniita Rhadebe, la ukoo wangu. Akiniita Lwazi, najua kuna jambo.

"Kwa nini nisiombe?"

"Watasema umeingia kwa rangi na kwa sketi."

"Nani watasema?"

"Watu."

"Wewe walikusema?"

"Mimi mwanaume. Walinisema nusu."

Akacheka, lakini kile kicheko chake cha kuweka kitu akiba.

"Haya. Nimekusikia."

Mimi nikaenda zangu nikiwa nimeridhika. Kumbe "nimekusikia" si "nimekubali".

Siku ya usaili walipita Bluu, Zambarau na Njano. Mmoja alitusimulia maisha yake tangu chekechea. Mwingine kila swali alilijibu kwa "inategemea" mpaka Riyaad akaanza kuchora samaki kwenye karatasi. Halafu akaja Kijani.

Nikamrushia swali langu ninalolipenda. "Bibi yangu yuko Cofimvaba. Analipia chama cha mazishi kwa simu. Katikati ya kulipa, mgao wa umeme unaingia, mnara unazimika. Mtandao ukirudi, bibi anabonyeza tena. Utafanyaje asikatwe mara mbili?"

Upande wa pili nikasikia kikohozi, kama mtu amekunywa maji yakampalia.

"Kwanza nikuulize," lile kopo likasema. "Simu ikiganda, bibi yako anaamini nini?"

"Anaamini ameibiwa."

"Na ameibiwa na nani?"

"Na mimi. Ndiye mjukuu mwenye kompyuta."

"Basi tatizo la kwanza ni kwamba bibi hajui kinachoendelea. Malipo yake nitayapa alama kabla hayajatoka kwenye simu. Akibonyeza mpaka kidole kiume, alama ni ile ile, kwa hiyo kule yanakopokelewa yanajulikana ni malipo yale yale, yanahesabiwa mara moja. Na simu imwambie: nimeyapokea, nasubiri mtandao, pumzika. Imwambie kwa Kixhosa. Hiyo programu yenu inamsemesha bibi Kiingereza, ndiyo maana anahisi kaibiwa."

Riyaad akaacha kuchora samaki. Hanlie akaegemea mbele.

"Kaka," nikasema, "wewe umekaa sana na mabibi."

"Kiasi chake."

"Kaka, ungekuja hapa ungeanza na nini?"

"Ningeanza kwa kuuliza. Chumba chenu cha waandika programu kina wanawake wangapi?"

Nikamtazama Hanlie. Hanlie akatazama meza.

"Kwa sasa tunatafuta," nikasema.

"Mnatafutia wapi?"

"Kaka, hilo la wakubwa."

"Nimekuuliza wewe, kaka."

Riyaad akanipiga teke chini ya meza huku mabega yanamcheza kwa kicheko.

Jioni nilipitia kwa Odwa, mtaa wa Observatory. Alikuwa amepika umngqusho, mahindi na maharage yameiva mpaka yanasamehe. Nikawa nakula huku nahubiri.

"Leo tumesaili kichwa, MamBhele. Kichwa hasa. Yule jamaa akiajiriwa, mimi namfuata nyuma na daftari."

"Jamaa? Ni mwanaume?"

"Mwanaume, ndiyo."

"Umejuaje, na sauti mmeibadili?"

"Mtu unamsikia tu. Hajiumaumi. Ukimuuliza anakurudishia swali."

"Kumbe sisi tunajiumauma."

"Sijasema hivyo."

"Hapana, endelea. Inanivutia. Mnasikia nini hasa?"

"Kujiamini."

"Ahaa." Akaniongezea chakula. "Kula, Rhadebe."

Nikala. Mwanaume mwenye akili zake, fundi wa kusikia pumzi, nikala mpaka nikajilamba.

Siku ya kupiga kura tukaweka alama zetu mezani. Wote watatu tumempa Kijani nafasi ya kwanza. Hanlie akafungua jina, akasoma.

"Odwa Nqeketo."

Nisiwachoshe na yaliyosemwa mle ndani baada ya hapo. Tulijadiliana, na mimi nikasimama kama simba kwa ajili ya mwanamke wangu. Kwamba ni mwanamke wangu sikuwaambia, maana wangesema nampendelea. Hayo ndiyo yaliyotokea.

Kesho yake mchana simu ikalia. Ujumbe.

"Lwazi. Mimi ndiye Kijani. Bila shaka umeshajua."

Nikaandika haraka: "Nilijua tangu neno la kwanza, mpenzi."

"Ndiyo maana uliniita kaka?"

"Nilikuwa nakuficha wasitushuku."

"Mimi nilikujua ulipomtaja bibi. Sikiliza. Ofisini kwenu wamenipigia. Nimeongoza. Lakini kuna msaili mmoja ana shaka, anataka nirudie uso kwa uso. Ni nani?"

Nikaitazama ile simu. Riyaad alikuwa anapita na kikombe, nikaigeuza kifudifudi. Halafu nikaandika:

"Pole MamBhele. Unawajua wenyewe."

"Wenyewe gani?"

"Hanlie. Wazungu hao. Wakiona jina letu wanaanza kujikuna kichwa."

Badala ya kujibu, akapiga.

"Hanlie si ndiye aliyeleta hiyo mashine?"

"Ya kupigia picha tu, aonekane mwema."

"Sasa alikuwa na shaka na nini? Na lile jibu la bibi?"

"Hakusema."

"Mtu ana shaka bila kusema na nini?"

"Ndivyo walivyo."

"Na wewe ulisema nini?"

"Mimi? Niliwasha moto. Nikawauliza: mmempitisha bila jina, sasa jina limeharibu nini?"

Nikasikia sauti yake imelainika.

"Ulisema hivyo kweli?"

"Kweli tupu."

"Asante, Rhadebe. Naenda kurudia. Na huyo mama namtaka anitazame usoni."

Akarudia. Akawapitisha Hanlie na Riyaad kwenye maswali mpaka hawakujua nani anamsaili nani. Mimi siku hiyo niliumwa na tumbo, nikabaki nyumbani. Kazi akapewa, benki akaiaga, akaja kukaa meza ya tatu kutoka kwangu. Tukakubaliana ofisini tujifanye hatujuani mpaka atulie. Wajomba zangu nao walikuwa wanajiandaa kwenda kwao Odwa, Gugulethu, kuzungumza habari za lobola, yaani mahari. Bibi alishaanza kuulizia ng'ombe wa nani atachinjwa.

Kitu kimoja tu kilikuwa hakijakaa sawa. Odwa na Hanlie. Hanlie akimletea chai, Odwa anashukuru kama anayepokea barua ya mahakama. Hanlie akimuuliza habari za mwisho wa wiki, anajibiwa "nzuri" na mlango unafungwa.

Siku moja Hanlie akanivuta pembeni. "Lwazi, wewe unazungumza naye kidogo. Nimemkosea nini yule dada?"

"Ana haya tu, Hanlie. Mpe muda."

"Kwenye usaili hakuwa na haya."

"Ni mashine ile."

Akaondoka akiwa ameinamisha kichwa. Nikajisikia vibaya mpaka wakati wa chakula.

Jumapili asubuhi nilikuwa kwa Odwa, nimevaa kaptula yake ya mazoezi kwa sababu yangu imelowa, ninakaanga mayai. Kengele ikalia.

"Fungua," Odwa akasema kutoka bafuni. "Nimemwalika mtu wa ofisini."

"Mtu gani?"

"Mmoja aliyekuwa mwema kwangu."

Nikafungua. Riyaad, na bakuli la koesista, maandazi ya sukari ya mama yake, ya moto, yamenyunyiziwa nazi.

Akanitazama usoni. Akaitazama kaptula.

"Lwazi. Unafanya nini huku?"

"Nakaanga mayai."

"Hapa ni kwa Odwa."

"Ndiyo. Ni mchumba wangu," Odwa akasema, anatokea na taulo kichwani. "Karibu, Riyaad. Nisamehe kwa kukuficha, ni huyu aliyetaka. Keti."

Riyaad akaketi taratibu kama mtu anayejaribu kiti kibovu.

"Mchumba wako," akasema. "Tangu lini?"

"Zamani sana. Kabla ya usaili."

"Kabla ya usaili," Riyaad akarudia, sasa ananitazama mimi. "Kwa hiyo ile siku jina linasomwa, ulikuwa unajua ni nani."

"Chai?" nikauliza. "Rooibos ipo. Maziwa yapo."

"Ndugu yangu, mayai yanaungua."

Nikaenda kwenye mayai. Nilitamani yaungue zaidi, jengo zima litoke nje.

"Riyaad," Odwa akasema, "kuna kitu kinanisumbua. Nilitaka nikuulize bila watu. Ile shaka juu yangu ilikuwa nini? Nafanya kazi na Hanlie kila siku, nataka kujua alichokiona ili kama ni kosa nilirekebishe."

"Hanlie?"

"Si ndiye aliyetaka nirudie?"

"Hanlie?" Riyaad alicheka kweli, mpaka nazi ikamruka. "Odwa, Hanlie aligombana mpaka shingo ikawa nyekundu. Ndiye aliyesema, mmempitisha bila jina, sasa jina limeharibu nini. Hayo ni maneno yake. Sharti ni la kwake mwenyewe, ndiyo maana hakuwa na pa kutokea."

"Basi ni wewe."

"Mimi? Mimi nilitaka tumalize nikale."

Wasaili tulikuwa watatu, na hesabu hiyo haihitaji kompyuta. Riyaad akachukua koesista nzima akajaza mdomo, lakini alikuwa amechelewa.

Nikazima jiko.

"Nilikuwa nakulinda, MamBhele. Wangesema umeingia kwa sababu yangu, au kwa sababu ya..."

"Nani wangesema?"

"Watu."

"Riyaad, nani alisema kitu siku ile?"

Riyaad akameza kwa shida. "Ni Lwazi peke yake. Alisema tuwe waangalifu, huenda kuna mtu alimsaidia majibu. Alisema yale majibu ya bibi yamenyooka mno."

Hakupiga kelele. Ningependelea apige. Alivuta kiti akakaa mbele yangu, karibu, vile anavyokaa akitafuta kosa kwenye programu, macho yametulia, anataka kulijua lilipojificha.

"Nimemnunia yule mama mwezi mzima," akasema. "Kesho nitamwomba radhi, na nitamwambia kwa nini. Wajomba zako wapigie simu, wasipande basi kwanza."

"Odwa, tafadhali."

"Riyaad, usiondoke. Wewe ulikuwepo." Akanigeukia. "Hapa hapa mezani ulimsifia Kijani. Ulisema utamfuata nyuma na daftari. Sasa mimi nataka kujua tu, Lwazi, na nina subira. Kabla Hanlie hajasoma jina, nilikuwa naijua kazi. Alipomaliza kulisoma, nilikuwa nimesahau nini?"

Nikamtazama Riyaad aniokoe. Riyaad alipangusa nazi kwenye ndevu, polepole.

"Mjibu, ndugu yangu," akasema. "Siku ile hata mimi nilikuuliza, ukaniambia una haraka ya kwenda msalani."