Mikono ya Kuazima

Kwaru, kwaru, kwaru. Kulikuwa bado giza, na ufutio ulikuwa ukisugua karatasi mezani. Mshonaji alijigeuza kitandani. Mumewe alikuwa hajalala vizuri tangu barua ya mhariri ifike.

Mumewe huchora hadithi za katuni gazetini. Barua ilisema kuna mchoraji anayelalamika: mikono yote katika hadithi mpya imetoka kitabuni mwake. Jibu lisipofika Ijumaa, hadithi itaondolewa.

"Mikono ni mikono," mume alinung'unika. "Kwani yeye ndiye aliyeanzisha vidole?"

"Baba watoto, nilikuona dirishani. Uliweka karatasi juu ya kitabu chake ukafuatisha mistari."

Ufutio ukanyamaza. "Nyuso naziweza, mke wangu. Mikono ndiyo inanishinda. Inatoka kama chane za ndizi."

Mke akauma mdomo asicheke. Kulipokucha akamshika mkono wakaenda hadi kwa jirani yao mchapaji, mama wa makamo ambaye mtaa mzima humwita Shangazi Wino.

Shangazi akalinganisha michoro na kitabu walichokuja nacho, akainua miwani. "Mwanangu, hapa huna pa kutokea."

"Kwa hiyo mimi ni mwizi?"

"Umekosea, na kosa hili linarekebishika. Kutazama kazi ya mwenzako ukajifunza, sote tunafanya. Kufuatisha mstari kwa mstari kisha ukatia jina lako, huko ni kula jasho lake. Ukiutaka mchoro wake, omba ruhusa kwanza. Akikubali, mtaje. Sasa mwandikie ukweli, usizungushe maneno. Halafu uchore upya. Na rasimu zako usizitupe, zitie tarehe. Siku ukisingiziwa, zitakusemea."

"Nichore upya mikono ya nani?"

Mkewe akanyoosha yake. "Hii hapa. Imejaa matundu ya sindano, lakini hakuna atakayeidai."

Siku tatu mke alishona, mume akachora.

"Tulia, usisogeze kidole."

"Nikitulia, gauni la mteja utalishona wewe?"

Chane za ndizi zilijaa sakafuni, kisha zikaanza kupungua. Alhamisi barua mbili zikaondoka, moja kwa mhariri, moja kwa yule mchoraji. Mchoraji alijibu kwa mistari miwili: amesamehe, mradi gazeti lichapishe masahihisho. Yakachapishwa, na jina la mume juu yake. Siku ile alipita njia ya nyuma kwenda dukani. Lakini hadithi yake haikuondolewa.

Toleo lililofuata, binti yao alilitandaza sakafuni. Akaweka kidole kwenye picha ya bibi anayefunga mzigo.

"Huu ni mkono wa mama."