Ukilala Kwenye Nyumba Ile

"Haloo, nani mwenzangu?"

Muhidini aliitoa simu sikioni akaitazama. Namba ilikuwa ya mkewe. Jina lilikuwa la mkewe. Sauti ilikuwa ya mwanaume.

"Wewe ndiye nani? Simu ya mke wangu umeipataje?"

"Ah, shemeji! Samahani. Ni mimi, Sabiri. Hajira yuko ndani anamfukiza mama, mikono imelowa, ndiyo nikapokea. Nimpelekee?"

"Usiniite shemeji."

Akakata. Barakoa aliyokuwa akiishona ikabaki chini ya sindano ya cherehani, nusu imeshonwa, nusu kitambaa.

Sabiri hakuwa jina geni kwake. Kabla posa ya Muhidini haijafika Sindeni, kijijini kwa akina Hajira, ya Sabiri ilikuwa imefika na imekataliwa, maana wakati ule Sabiri hakuwa na mbele wala nyuma. Sasa alikuwa na duka la pembejeo Korogwe mjini, na nyumba nzuri maeneo ya Manundu.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 2021, wimbi lile ambalo watu waliogopa hata kulitaja. Ukiuliza fulani anaumwa nini, unajibiwa, "changamoto ya kupumua," na mtu anageuza uso. Bi Mwajabu, mama yake Hajira, alibanwa na kifua akiwa Sindeni, mwanawe akamkimbiza hospitali Korogwe. Msindikizaji aliruhusiwa mmoja tu, kwa hiyo Muhidini akabaki Handeni na cherehani yake. Mama alipopata nafuu kidogo wakamtoa wodini, kitanda kilikuwa kinahitajika, lakini daktari akasisitiza asiende mbali: kila asubuhi arudi kuchomwa sindano.

"Tumepata pa kujisitiri," Hajira alimwambia mumewe kwenye simu siku ile. "Kwa mtu wa kwetu Sindeni."

Mtu wa kwetu! Muhidini alipiga tena. Safari hii alipokea Hajira mwenyewe.

"Kwa hiyo mtu wa kwetu ni Sabiri?"

"Mume wangu, nisikilize kwanza."

"Nijibu. Unalala nyumba ya Sabiri?"

"Nalala na mama. Yeye mwenyewe..."

"Ndiyo au hapana?"

"Ndiyo, lakini..."

Hakungoja hiyo lakini. Alikata, akabaki anahema kama aliyepanda mlima. Hashim, fundi viatu wa kibaraza cha pili, alikuwa amesikia yote.

"Kaka," Hashim akasema huku akivuta uzi, "siku hizi korona imewapa watu visingizio. Mwanaume gani anampa mwanamke nyumba bure? Tena mwanamke aliyewahi kumposa?"

Maneno yale yalikuwa petroli. Muhidini akaandika ujumbe:

"Hajira. Rudi Handeni leo. Ukilala tena kwenye nyumba ya Sabiri, talaka yako moja."

Akautuma. Kisha akaifungia namba ya mkewe isimpate tena, maana alijijua: akiisikia tu sauti yake, atalegea.

Hajira aliusoma jua likizama. Aliusoma akiwa amemshikilia mama yake kifuani, maana Bi Mwajabu alikuwa hawezi kulala chali. Akilala chali pumzi inakata. Alipiga. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani.

"Nani kakuliza?" mama akauliza kwa sauti ya kukwaruza.

"Moshi wa mkaa, mama."

"Mkaa uko nje."

Hajira akamweka mama sawa kifuani. Aende wapi? Siku walipotolewa wodini walikuwa wamejaribu gesti mbili. Ya kwanza mhudumu alimsikia mama anakohoa, akarudisha ufunguo ukutani. Ya pili hawakuruhusiwa hata kuvuka ndoo ya kunawia mikono iliyokuwa mlangoni. Hapo ndipo walipokutana na Sabiri barabarani, naye hakuuliza maswali. Alimbeba Bi Mwajabu mgongoni akampeleka kwake.

Amwache mama arudi Handeni? Nani atamkalisha kitako pumzi zikikata?

Akatandika mkeka kando ya kitanda. Akajilaza, akijua kabisa anachokifanya, na machozi yakaingia masikioni.

Asubuhi, Muhidini alipanda Noah ya kwanza ya Korogwe. Hakuwa amekula. Njia nzima alikuwa akiipanga picha ile kichwani: mlango anausukuma, Sabiri anaruka kitandani, Hajira anajifunika khanga. Aliipanga mara nyingi hata ikawa kama kitu alichokwisha kukiona.

Nyumba hakupata shida kuonyeshwa. Uani, kwenye kamba, palikuwa na shati la kiume na msuli, bado vinachuruzika maji. Damu ikampanda kichwani. Hakupiga hodi.

"Yuko wapi?"

Hajira alikuwa amepiga magoti akimpangusa mama yake uso. Aligeuka polepole.

"Nani?"

"Usinifanye mtoto! Shati lililoko kwenye kamba ni la nani?"

"La mwenye nyumba. Jana alimbeba mama kwenda kwenye sindano, mama akamtapikia. Nimelifua."

"Na yeye analala wapi?"

"Dukani kwake, juu ya mifuko ya mbolea. Tangu tulipoingia hapa hajalala ndani ya nyumba yake hata siku moja. Nenda kamuulize mlinzi wa pale, halafu urudi."

Macho ya Muhidini yakazunguka chumba: kitanda kimoja, mkeka mmoja, jiko na sufuria ya majani ya mchaichai, malimao kwenye kikapu. Ile picha aliyokuja nayo haikuwa na mahali pa kukaa.

"Kwa nini hukuniambia ni yeye?"

"Kwa sababu nilijua utafanya hiki ulichokifanya."

"Basi... basi yaishe. Nimekosea. Yaishe, mke wangu."

"Hayajaisha." Sauti ya Hajira ilikuwa ya chini. "Ujumbe niliusoma, nikauelewa, nikalala. Sasa hivi niko kwenye eda, Muhidini."

Kitandani Bi Mwajabu akajiinua kwa kiwiko.

"Eda? Eda ya nani?"

Muhidini akasema la kwanza lililomjia.

"Shikamoo, mama."

"Sasa ndiyo unaniamkia?" Bi Mwajabu alivuta pumzi, ikakwama, akaivuta tena. "Muhidini. Umemwacha mwanangu kwa sababu mimi nilikuwa siwezi kupumua?"

Mwanaume mzima alikaa sakafuni.

Hakurudi Handeni. Alisema hatarudi mpaka mama apone. Hajira akamjibu kwamba chumba kile ni cha mgonjwa, atafute pa kulala. Jioni, mtu aliyemwambia "dukani pana nafasi" alikuwa Sabiri.

Muhidini alimsaidia kuingiza ndani madumu ya dawa za kunyunyizia. Walifanya kazi bila kusemezana, kila mmoja na barakoa yake. Mwishowe Muhidini akashindwa kuvumilia.

"Unampenda mke wangu?"

Sabiri aliweka dumu chini.

"Amenieleza kilichotokea. Sasa hivi hatujui kama ni mke wako."

"Nimekuuliza swali."

"Nampenda. Sikuwahi kuacha. Lakini sijamgusa hata mkono, na nyumba sikumpa ili anilipe." Akamtazama usoni. "Na nikwambie kabisa, usije ukasema nimekuzunguka. Eda ikiisha hujamrejea, nitapeleka posa."

Ngumi ya Muhidini ilikuwa imeshajikunja. Mtu huyu alikuwa anamwambia ana kwa ana kile alichokiogopa miaka yote ya ndoa yake, na anamwambia kwa adabu! Angempiga. Kweli angempiga, lakini simu ya Sabiri ikalia.

"Sabiri! Muhidini yuko na wewe?" Ilikuwa sauti ya Hajira, kali kwa hofu. "Njooni wote. Mama kazidiwa!"

Walikimbia. Walimkuta Bi Mwajabu midomo imegeuka rangi, macho yanatafuta. Sabiri akamshika mabegani, Muhidini miguuni, wakamtoa hadi kwenye bajaji, Hajira akimshikilia kichwa na kumsomea dua sikioni. Hospitali wakampokea mama na msindikizaji mmoja, mlango ukafungwa.

Wanaume wawili wakabaki nje kwenye benchi.

"Wakimwekea oksijeni atatulia," Sabiri akasema.

"Inshallah."

"Mimi mama yangu alikufa nikiwa mdogo," Sabiri akaongeza. "Bi Mwajabu ndiye aliyekuwa ananipa uji. Watu wanadhani nafanya haya kwa ajili ya Hajira peke yake."

Muhidini aliinama. Hilo hakuwa amelifikiria. Katika hesabu zake zote za wivu, Bi Mwajabu hakuwamo.

Bi Mwajabu alitulia, ingawa alikaa wodini sana. Muhidini akajifunza kazi ambazo Handeni hakuwahi kuzigusa: kufua mablanketi, kuchuja uji, kununua machungwa sokoni asubuhi, kuyakamua na kupeleka juisi hospitali mlangoni. Kila alipofika, Hajira alipokea, akasema "asante," akarudi ndani. Asante tu. Na kila alipomwona Sabiri akipokea asante ileile, aliipima: ya nani imekuwa ndefu zaidi? Wivu ulimla mchana kutwa, lakini sasa ulimla akiwa na kazi mikononi.

Siku mama aliporuhusiwa, mzee Mbaruku, mjomba wake Hajira, alikuja kutoka Sindeni kumchukua. Walikusanyika barazani kwa Sabiri, viti vimeachana kama daktari alivyoagiza. Mzee alikuwa ameshasimuliwa yote.

"Muhidini," akasema, "ulichokifanya ni upuuzi. Lakini eda haijaisha, na talaka ni moja. Sheria iko upande wako. Tamka kwamba umemrejea, mbele ya mashahidi, na huyu ni mkeo, hata akinuna."

Hajira alikuwa akikunja mablanketi. Mikono ikasimama.

"Sitatamka, mjomba," Muhidini akasema.

"Ina maana unamwacha?"

"Hapana. Namtaka kuliko jana. Lakini nilimfunga kwa maneno akiwa mbali, na namba yake nimeifungia, hakupata nafasi ya kujibu. Sitaki nimrudishe hivyohivyo." Lililofuata lilikuwa gumu kama kumeza jiwe. "Na Sabiri yupo hapa. Ana lake moyoni, ameniambia mwenyewe. Hajira aamue akiwa amelisikia na la kwake."

Sabiri alishtuka. Akatazama miguu yake.

"Hajira, langu unalijua."

"Nalijua." Hajira akaliweka blanketi chini. "Watu walitufungia milango, wewe ukatupa nyumba yako. Sitakusahau mpaka naingia kaburini. Lakini nikija kwako, nitakuwa nakuja kulipa fadhila. Unataka mke wa namna hiyo?"

Sabiri akatikisa kichwa.

"Hapana," akasema.

"Nami nimejaribu kumchukia huyu mjinga. Kila siku nilimwambia Mungu nisaidie nimchukie. Imenishinda."

Muhidini akainua uso.

"Usitabasamu, sijamaliza! Uliniandikia talaka mama yangu akitafuta pumzi mikononi mwangu. Hiyo moja imeshahesabiwa, haifutiki. Ukinitolea nyingine kwa hasira, usinifuate popote. Na moyo ukikuchoma, niulize. Nikianza kujibu, ungoje nimalize. Utaweza?"

"Sijui kama nitaweza kila siku," Muhidini akasema. "Nitajitahidi kila siku."

Hajira alimtazama machoni.

"Basi nirejee."

"Nimekurejea, Hajira. Nimekurejea, mke wangu."

Mzee Mbaruku akakohoa kidogo kusafisha koo.

"Mashahidi wanaume wawili. Mimi mmoja. Wa pili..." Akatazama huku na huku. Uani palikuwa na kuku tu.

"Mimi hapa," Sabiri akasema.

"Una hakika, kijana wangu?"

"Nimesikia kila neno, mzee. Mashahidi wengine tutawatoa wapi?"

Noah ilipofika, Sabiri ndiye aliyemshika mkono Bi Mwajabu kupanda. Bibi yule alimshika shavu, kinyume cha maagizo yote ya daktari, akamwombea dua ndefu kimyakimya. Hajira akaaga wa mwisho.

"Mungu akulipe, Sabiri."

"Amina. Nendeni salama."

Akamtazama. Muhidini, akiwa ameshakaa ndani ya gari, aliuona mtazamo ule, na wivu ukamchoma palepale pa siku zote, kama mwiba unaoijua njia. Swali likamjia mdomoni. Akalimeza. Gari likaondoka, likaiacha Manundu, likashika njia ya Sindeni.

"Uliza," Hajira akasema bila kugeuka.

"Niulize nini?"

"Hilo linalokukaba."

Muhidini alivuta pumzi. "Mbona umemwangalia vile?"

"Nilikuwa namwonea huruma. Anarudi kwenye nyumba tupu, nasi ndio tuliomzoeza kelele. Na nilikuwa najiuliza kama nimemkosea."

Muhidini akangoja. Ilimwuma, lakini akangoja.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Akanyoosha mkono wake. Hajira aliuangalia kwanza, kisha akaushika.

Kutoka kiti cha nyuma, sauti ya Bi Mwajabu ikasikika, nyembamba lakini haina mkwaruzo.

"Nyie watoto, fungueni dirisha upepo uingie."

Muhidini akalifungua mpaka mwisho.