Adome Wanne na Maksai wa Harusi

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi ya Jumatano, Lomenen Adome alifungua zizi lililo nyuma ya duka la Adome Hardware, mtaa wa Kanamkemer, mjini Lodwar, akakuta kamba na samadi mbichi. Maksai wake wa harusi hakuwepo.

Sajini Sellah Jebet alifika saa moja na robo. Alikuwa mzaliwa wa Iten, mwenye miaka sita Lodwar, na jua la huku lilikuwa limemfundisha mambo mawili: kutembea upande wenye kivuli na kuuliza maswali mafupi.

"Ejok, Madam," alisalimu Lomenen. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma pale dukani, kijana mpana wa mabega, lakini asubuhi hiyo sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Ejok. Ng'ombe ya nini?"

"Ya harusi. Inaitwa Lomeri, iko na madoadoa. Jumamosi saa kumi jioni naipeleka Kakuma kwa baba ya mchumba yangu, Apua, tuichinje kwa mlango yake. Bila hiyo hakuna harusi."

"Si utafute ingine?"

"Ukame ilimaliza zote, Madam. Imebaki hiyo moja, na mzee aliichagua mwenyewe. Amesema Jumamosi ikipita, tungoje mwaka ingine. Apua amengoja miaka tatu tayari."

Jebet aliandika Jumamosi, saa kumi, akaipigia mistari miwili. Kisha akamwita Akol, mlinzi wa duka.

"Saa kumi na moja alfajiri lori ilisimama," alisema Akol. "Kwa mlango imeandikwa ADOME. Mtu akashuka, amejifunga shuka mpaka macho. Akasema ametumwa na Adome. Mimi ni mlinzi ya Adome, lori ya Adome, mtu ya Adome. Sasa ningekataa nini?"

Kwa kweli hakukuwa na cha kukataa. Jebet akaanza na Adome wa karibu.

Ebenyo Adome, mwenye duka, alikuwa mtu wa hasira za haraka, na wiki nzima majirani walikuwa wamemsikia akimfokea yule maksai.

"Ni kweli ulitaka atoke hapa leo leo?"

"Nilitaka. Hiyo ng'ombe ilikula kalenda yangu ya mwaka mzima, Madam. Tuko Juni na mimi sijui tarehe. Lakini kuiba? Saa kumi na moja nilikuwa kanisani, mazoezi ya kwaya. Uliza katekista."

Katekista alithibitisha, akaongeza bila kuulizwa kwamba sauti ya Ebenyo haifai kwaya, lakini mahudhurio yake ni mazuri.

"Lomenen ni ndugu yako?" Jebet alimuuliza kabla ya kuondoka.

Ebenyo akacheka mpaka hasira ikamtoka. "Ndugu wapi? Baba yangu aliitwa Adome, nikaandikwa hivyo kwa kitambulisho. Yake pia aliitwa Adome. Tusingelingana jina, hata hatungejuana."

Saa nne kamili Jebet alikuwa kwenye yadi ya Adome Transporters, mbele ya Emanikor Adome, tajiri mwenye malori sita na tumbo la kuyatosha yote.

"Lori lako limebeba ng'ombe wa wizi."

"Madam, jina yangu inanimaliza," alilalamika Emanikor. "Kila kitu ikiandikwa Adome, watu wanafikiri ni yangu. Juzi mtu amenipigia simu kunigombeza ati chapati za Adome Guest House ni ngumu. Mimi na chapati wapi na wapi?"

Akamwita dereva wake, Kipngeno. Kijana huyo alikuwa na wiki mbili tu kazini. Alisema mzigo ule uliagizwa Jumanne kwa simu kama mizigo mingine. Mwenye ng'ombe alipanda nyuma pamoja na mnyama wake, na saa moja na nusu akashushwa njia panda ya Adome, kilomita chache kupita Kakuma. Sura hakuiona. Kibali cha kusafirisha mifugo alikuwa nacho, na nakala ilibaki.

Jebet akaisoma mara mbili, halafu akashindwa kujizuia kucheka. Adome alikuwa amesafirisha ng'ombe kwa lori la Adome, kutoka Adome Hardware kwenda njia panda ya Adome. Ofisini kilikotoka kibali hicho, karani alisema fomu huletwa kwa mafungu, hajui ya nani imeletwa na nani. Namba ya kitambulisho ilikuwa ya uongo na simu haikupatikana. Sehemu ya alama ya mwenye mifugo, mbele ya jina, mtu alikuwa amechora kwa kalamu nusu duara iliyokatwa na mstari mmoja.

Alhamisi Jebet alimchukua Lomenen wakaenda Kakuma. Pale njia panda walimkuta Nyawal, mama wa Sudan Kusini anayekaanga mandazi kando ya barabara.

"Nimeona yeye," alisema Nyawal. "Mutu na shuka, na ng'ombe ya madoadoa. Ameenda hii njia ya Kalobeyei. Lakini kwanza alisimama, akaangalia sufuria yangu, akasema mafuta haijapata moto, mandazi itakunywa mafuta yote."

"Alikuwa na haraka?"

"Haraka sana. Lakini alingoja mpaka ipate moto."

Jebet aliliandika hilo pia, ingawa hakujua bado la kulifanyia. Chakula cha mchana walikula Adome Guest House, nyumba ya vyumba vinane mjini Kakuma. Mwenye nyumba, Atiir Adome, ndiye aliyekuwa mpishi. Alikuwa mtu mpole, mwenye aproni safi, na aliposikia habari za maksai alitikisa kichwa kwa huzuni.

"Pole sana, ndugu yangu," alimwambia Lomenen. "Mimi jana nilikuwa hapa jikoni siku nzima. Lakini nikisikia kitu nitawaambia."

Hakuwatoza chakula kile. Wema huo ulimfurahisha Lomenen. Jebet ulimwasha kidogo, kama kiroboto kwenye soksi.

Ijumaa asubuhi, saa mbili, alikaa nje ya kituo cha polisi cha Kakuma na kile kibali mapajani. Lomenen alimwonyesha kwenye simu picha ya Lomeri. Ubavuni mwa maksai kulikuwa na misalaba miwili iliyochomwa kwa chuma.

"Hii ni nini?"

"Emachar. Alama ya ukoo yetu."

"Basi mbona kibali kina nusu duara?"

Lomenen akaangalia. Hakuwa amekiona kibali vizuri hadi wakati ule, maana kila mara alikuwa akitazama barabara. "Hiyo si yetu."

"Mwizi mwerevu angechora iliyo kwenye ng'ombe. Ingemsaidia njiani akisimamishwa."

"Hawezi, Madam." Lomenen alishangaa kwamba swali lenyewe linaulizwa. "Fomu imesema alama ya mwenye jina. Utaandika jina ya baba yako, halafu uweke kando yake alama ya watu wengine? Utakuwa umemtukana baba. Mkono itakataa."

Jebet akafunga daftari. Siku tatu alikuwa akifuata jina ambalo kila mtu analo. Mwizi alidanganya namba, simu na safari, na mahali pamoja tu akasema ukweli, kwa sababu hakuweza kufanya vinginevyo.

Saa nane mchana Adome wanne walikuwa wamekaa meza moja pale Adome Guest House. Ebenyo na Emanikor walikuja kwa gari moja kutoka Lodwar, wote wawili wamenuna kwa kushukiwa. Atiir alimimina chai. Jebet akampa kila mmoja karatasi na kalamu.

"Nichoreeni emachar zenu. Ni hilo tu."

Kununa kukaisha papo hapo. Emanikor alichora duara lenye mkia, akaanza kueleza ng'ombe wangapi babu yake alikuwa nao. Ebenyo alichora mistari mitatu, akasema ya Emanikor inafanana na kiluwiluwi. Lomenen akachora misalaba yake miwili.

Atiir aliishika kalamu. Chai ikaendelea kupoa.

"Chora yoyote, Atiir," alisema Jebet kwa upole. "Hapa hakuna anayejua yenu. Ukitaka chora nyota."

Mkono wa Atiir ulishusha kalamu kwenye karatasi. Kisha ukachora nusu duara na kuikata kwa mstari mmoja. Jebet akaweka kibali kando yake.

"Na uache kufundisha watu kukaanga mandazi ukiwa umeiba," akasema. "Ng'ombe yuko wapi?"

"Kalobeyei. Kwa baba ya mke wangu." Atiir alivua aproni, akaikunja vizuri. "Nina watoto wawili, Madam. Sijamchinjia mzee ng'ombe, kwa hivyo hao watoto ni wa ukoo yake, si yangu. Alinipa mpaka kesho asubuhi, la sivyo anawachukua wakae kwake. Ng'ombe zangu zilikufa zote. Nilipeleka mboga Lodwar, nikaona hiyo kwa zizi ya Adome. Nikamwambia mzee nimepewa na Adome wa Lodwar, wa jina yangu. Akaamini."

Lomenen alikuwa amesimama, ngumi amekunja, na Jebet alijiandaa kumshika. Lakini kijana alikuwa akifikiria watoto, ikaonekana usoni.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ungenipa?"

"Hapana," alisema Lomenen. "Lakini ningekuja na wewe kwa mzee kuomba siku."

Mchana huohuo Lomeri alipatikana Kalobeyei, ameshiba, akitafuna mkeka wa mtu. Kituoni, Lomenen aliomba kesi iende kwa wazee, mkuu wa kituo akakubali. Atiir alitozwa mbuzi, nao atawatoa mvua ikinyesha na mifugo ikizaa.

Baba mkwe wa Atiir aliposikia yote, alimwambia, "Ulitaka kunichinjia ng'ombe ya wizi mbele ya watoto? Njoo kwangu mikono mitupu, tuongee. Watoto wataenda wapi? Ni wako na ni wangu."

Jumamosi, saa kumi kasoro dakika tano, lori la Emanikor lilisimama mbele ya boma la kina Apua. Ebenyo alishuka akiimba, na watu wakavumilia. Atiir alishuka na sufuria tatu, maana alikuwa ameomba apike yeye. Baba yake Apua alimzunguka Lomeri, akapitisha kidole juu ya ile misalaba miwili, polepole, wakati Apua amesimama mlangoni na shanga zake hadi kidevuni, hapumui.

Mzee akasogea kando, akaacha njia wazi.

"Adome," akasema, "ingia nyumbani."

Wale watatu wakamsukuma Lomenen mbele, akaingia, na vigelegele vikasikika hadi barabarani.