Kibaraza cha Bati za Bluu

To. To. To.

Vaileth alifumbua macho. Giza lilikuwa bado limetanda, na mvua iliyopiga Boko usiku kucha ndiyo kwanza imekatika. Nje ya dirisha maji yalikuwa yanadondoka juu ya kitu cha chuma. Vaileth alijua ni nini. Badala ya kutoka, alijifunika shuka gubigubi.

"Mungu wangu, cherehani!" mama yake alipiga kelele kutoka barazani.

Mama Vaileth alikuwa fundi wa kushona. Juma moja tu lilikuwa limepita tangu ajengewe kibaraza mbele ya nyumba: fremu ya chuma iliyochomelewa vizuri, na juu yake bati mpya za bluu zilizoungwa na paa la nyumba. Alitaka ashonee nje penye mwanga, wapita njia wamwone. Sasa maji yalikuwa yanachuruzika pale kibaraza kinapokutana na paa, yanaangukia cherehani na kitambaa cha sare za kwaya.

Kulipokucha, mama alipanda juu ya meza akaanza upelelezi. Alikwaruza bati kwa ukucha aone kama rangi inabanduka. Akazigonga, akasikiliza. Akachungulia skrubu mojamoja aone kama zina mipira yake.

"Fundi Praygod kanichezea," alisema. "Bati zenyewe nyepesi kama karatasi. Na ile gundi ya kuzibia maji, nani alimwona akiimaliza? Labda nusu kaondoka nayo."

"Labda, mama," Vaileth alijibu huku akiangalia chini.

Jirani yao, Mama Brightson, alisikia maneno akaja mbio. Ilikuwa fundi huyo huyo aende kwake kesho yake kumjengea kibaraza cha genge.

"Hee! Yule mpole vile?"

"Huyo huyo."

"Basi shosti, mtu mpole ndiye wa kumwogopa!"

Fundi Praygod alipoitwa, alifika na ngazi begani. Alipanda, akatazama kile kiungo, akashuka.

"Mama Vaileth, hili nilikwambia. Bati za kibaraza zinachomekwa chini ya bati za paa, ili maji ya paa yaangukie juu yake. Zikilazwa juu ya paa, maji yanapenya kwa chini. Wewe ukasema zipite juu."

"Nani? Mie?"

"Nilimtuma binti akuulize. Mara mbili."

Macho yote yakamgeukia Vaileth.

"Vai, alikutuma?"

"Mie... sikumbuki."

Fundi alimtazama kidogo, kisha akainamisha kichwa. Mama Brightson alicheka kwa dharau. "Sasa mpaka mtoto wa watu unamsingizia! Fundi, kesho usije kwangu."

"Vyuma vyako nimeshavikata, mama."

"Kavifanyie kitanda."

Fundi Praygod alibeba ngazi yake akaondoka bila kubishana.

Vaileth alikumbuka kila kitu. Siku ile ya ujenzi mama alikuwa chumbani akimpima mteja. Fundi alipomtuma aulize, Vaileth alitazama bati za paa zilivyoota kutu, akaona zitakaa juu ya zile za bluu kama kofia chakavu juu ya shati jipya. Naye alikuwa ameshajitapa kwa rafiki yake Recho kwamba kwao wanaezeka bluu. Basi alisimama ukumbini, akanywa maji, akarudi. "Mama kasema juu." Fundi akamrudisha amwambie mama kwamba maji yataingia. Vaileth akaingia tena ndani, akatoka na jibu lile lile, na mara hii hata maji hakunywa.

Mchana mama aliweka mkasi chini, akamtazama bintiye kwa makini.

"Vai, mwanangu. Kila siku kitu kikianguka humu ndani wewe ndiye wa kwanza kukurupuka. Mbona leo hukutoka?"

Vaileth alifungua mdomo atafute jibu, lakini kilio kikatangulia. Alisema yote, mpaka habari za Recho.

Mama hakumchapa. Alichukua simu. "Fundi, ni Mama Vaileth. Nimekukosea, nisamehe. Naomba urudi."

Alasiri hiyo Fundi Praygod alifungua skrubu zote za kwenye kiungo, akaziingiza bati za bluu chini ya zile za paa kiasi cha shubiri nzima, akakaza na kuziba upya. Mama mwenyewe alipanda ngazi akamwaga ndoo tatu za maji juu ya paa. Chini hakikushuka hata kitone.

"Na mie nimejifunza," alisema fundi huku akikusanya vifaa. "Jambo la nyumba namuuliza mwenye nyumba mwenyewe."

Alipoondoka, mama alimvuta Vaileth akaketi naye kizingitini.

"Uongo wako ulikuwa neno moja tu, 'juu'. Kitambaa kimelowa, lakini kitambaa nakianika kinakauka. Jina la mtu nitalianika wapi? Ukikosea, sema siku ile ile, kabla mwingine hajabebeshwa kosa lako. Na mie nimekosea, nimemwaibisha mtu mbele ya jirani bila kuchunguza. Sasa inuka twende. Mie nitasema langu, na wewe utasema lako."

Mama Brightson walimkuta gengeni akifunga mafungu ya mchicha. Mama alieleza jinsi alivyomshuku fundi bure, kisha akasogea pembeni.

"Shikamoo, Mama Brightson," alisema Vaileth.

"Marahaba. Haya, na wewe una nini?"

Vaileth aliinua uso.

"Fundi Praygod alisema kweli, mimi ndiye niliyedanganya."