Sufuria Iliyorudi Safi

Leticia alijua kuna mwanamke ndani ya lori siku sufuria iliporudi safi.

Si safi ya kusuuzwa. Safi ya kung'aa mpaka pembeni, ukoko hakuna, hata harufu ya dagaa hakuna. Na Kajetani, jamani, tangu afunge ndoa hajawahi kuosha hata kikombe chake cha chai. Mwanamume wa kuacha kijiko ndani ya uji mpaka kigande, ndiye leo asugue sufuria porini?

"Nani anakuoshea vyombo, baba Recho?"

"Naosha mwenyewe."

"Wewe?"

Kajetani akatazama viatu vyake. Leticia akaona jibu amelipata. Alikuwa amekosea, lakini mwenye wivu haulizi mara mbili.

Mtaa wetu mzima wa Bombambili tulijua kwa nini lile jiko dogo la gesi lilipanda lori. Kajetani hupeleka makaa ya mawe Mtwara, na njiani alizoea kula Namtumbo kwa Zuhra, mjane muuza wali, mwenye benchi refu na kicheko kirefu kuliko benchi. Watu wakasema anakula zaidi ya wali. Mimi sikuwepo; waliokuwepo ndio waliosema. Leticia hakupiga kelele. Alinunua jiko, akafunga mchele, dagaa wa Nyasa na kopo la chumvi, akamwambia mumewe, "Kuanzia leo utapika humohumo garini. Nisisikie umekalia benchi la mtu." Kajetani akatii, maana mwenye hatia hutii upesi.

Sasa sufuria imerudi inang'aa. Safari iliyofuata Leticia akapanda na yeye. Alivaa kitenge kipya, utadhani anakwenda kumpokea mke mwenzie.

Namtumbo walipita bila kusimama. Zuhra alikuwa mlangoni pake, akapunga mkono. Leticia akageuza shingo. Mbele huko, msitu unapoanza kushika pande zote mbili za barabara, mvua ikawakuta, Kajetani akaegesha. Jua lilikuwa halijazama bado, ila mawingu yalishalimeza. Wakapandisha vioo. Leticia akawasha jiko chini, katikati ya viti, akabandika wali.

Maji yalipoanza kuchemka akainua pua.

"Baba Recho, unasikia moshi?"

"Moshi gani?"

"Wa kuni."

Jiko la gesi, nje mvua inamwagika, kuni za nani? Kajetani akaweka kidole mdomoni. "Usiseme kwa sauti," akanong'ona.

Leticia akanyoosha mkono kuchukua chumvi. Kopo lilikuwa limesimama vizuri, gari limezimwa, halitikisiki. Likalala lenyewe, kifuniko kikafunguka, chumvi yote ikamwagika sakafuni polepole, kama inavyomwagwa na mtu asiye na haraka.

"Iache," Kajetani akasema. "Humwagika kila mara. Siku hizi napika bila chumvi."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Ungesema nimetunga."

Wali ukaiva. Leticia akapakua sahani mbili. Kajetani akatazama sufuria iliyobaki na wali kidogo, akasema taratibu, "Karibu."

"Unamkaribisha nani? Tuko wawili hapa!"

"Siku ya kwanza nilikula peke yangu, mama Recho. Chumvi nilisahau kutia. Na mtu aliyelelewa hawezi kutia tonge kinywani kimya kimya, mdomo ukasema wenyewe, karibu. Nje hapakuwa na mtu. Nikajibiwa."

"Ukajibiwa nini?"

Kajetani hakupata nafasi ya kumweleza. Nyuma ya viti, kwenye kitanda ambako dereva hujinyoosha akichoka, sauti ya mwanamke, laini, ya kuchoka kama ya mtu aliyeshinda shambani, ikasema, "Asante. Nimefika."

Leticia alitaka kupiga ishara ya msalaba na mkono ukamgomea, akabaki ameshika kijiko, anasikia nyuma ya shingo yake mtu anapumua pumzi yenye moshi, na sufuria iliyokuwa miguuni ikaanza kukwanguliwa, kwaru, kwaru, bila mkono kuonekana, na mvuke uliokuwa umeganda kwenye kioo cha mbele ukawa unafutika kuanzia chini kwenda juu, mstari mpana na unyevu, kama ulimi wa ng'ombe unavyopita mgongoni kwa ndama, na kile kilichokuwa kikilamba kilipofika upande wa Kajetani hakikusimama, kikahamia kwenye sahani yake, na yeye akakaa tu, ameinamisha kichwa, anangoja kiishe, na hapo ndipo mkewe alipomwona kwa mara ya kwanza tangu jiko lipande lori: mikono vijiti, shingo kamba tupu. Mwanamume anapika kila siku, na mwenyewe hali.

"Yesu na Maria," akasema. "Washa gari."

Waliendesha mpaka Tunduru, kwa mzee Muhsini, shehe anayewasomea dua watu wanaosumbuliwa na mashetani. Ndiyo, Wakatoliki wale. Rozari ikatiwa mfukoni kwanza, na mguu ukaenda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ingieni. Hilo jiko liacheni nje."

Na jiko lilikuwa ndani ya kikapu, limefunikwa.

Muhsini akamsikiliza Kajetani mpaka mwisho. "Huyu hakuvunja mlango," akasema. "Mmemwita, amekuja. Hawa hawali chumvi, ndiyo maana anaimwaga. Na hukaa na anayekula peke yake. Penye mikono mingi hapati nafasi ya kutia wake. Nitasoma, atatoka garini. Lakini mwanangu, kabla ya jiko hili ulikuwa unakula wapi?"

Kajetani akatazama kuku wa mzee wanavyochakura.

"Namtumbo," Kajetani akasema.

"Kwa nani?"

"Kwa mama mmoja."

"Zuhra," Leticia akasema, kama anatema mwiba wa samaki.

"Basi mumeo arudi hukohuko, akale kwenye benchi la watu. Na jiko mkalitupe mtoni. Nyumbani lisiingie, maana ataingia nalo."

"Mzee, hakuna dawa nyingine?" Leticia akauliza.

"Ipo. Mwache hivihivi, utamzika."

Muhsini akasoma, gari likafukizwa, moshi wa kuni ukakoma. Wakati wa kurudi walisimama darajani. Leticia akashuka peke yake na kikapu, akaokota jiwe, akalitupa majini kwa nguvu ili mumewe asikie mshindo. Jiko akalirudisha garini, kalificha chini ya kitenge. Gesi ilikuwa bado nyingi. Na lilikuwa kitu pekee alichowahi kumshinda nacho Zuhra.

Kajetani akapona. Nani asipone kwenye benchi lile? Mashavu yakarudi, na kitambi juu yake. Kisha lori likaanza kuharibika. Ajabu ya lori lile, halikuharibika Mtwara wala Tunduru. Liliharibika Namtumbo tu, na fundi wake hakupatikana upesi. Mwisho hata salamu zikawa za kutumwa. Recho mwenyewe ameolewa Njombe. Leticia akabaki na meza ya watu watatu na sahani moja.

Haya yaliyobaki nimeyapata kwa Kunegunda, jirani wa ukuta kwa ukuta. Si mwongo, huongeza tu.

Alikwenda kuomba chumvi, mchana kweupe. Mlango ukafunguliwa nusu, Leticia akasimama amekamata fremu kwa mikono yote miwili, mikono vijiti, shingo kamba, na anatabasamu. Kitenge kipya amevaa. Nyuma yake jiko la gesi linawaka na nyumba nzima inanuka moshi wa kuni. Mezani sahani mbili, moja inang'aa.

"Una mgeni, mama Recho?"

"Si mgeni."

"Nilikuja kuomba chumvi kidogo."

"Chumvi? Sisi hatuli chumvi."

Ndani, sufuria ikakwanguliwa. Kwaru, kwaru. Kunegunda akatazama tena ile mikono miwili kwenye fremu. Kisha sauti laini, ya kuchoka, ikasema kutoka jikoni, "Karibu chakula."

"Nimeshiba," Kunegunda akajibu, na tangu asubuhi alikuwa hajaonja kitu. Akarudi nyuma hatua, akanong'ona, "Mama Recho, twende tukamwite padre. Sasa hivi. Nakushika mkono."

Leticia akamtazama kama anavyotazamwa mtu mwenye wivu.

"Padre wa nini?" akasema. "Huyu halali Namtumbo."

Akafunga mlango.